Mzamivu wa Chumba cha Nyuma

Alikuja kijijini kwetu Mhezi, mlimani Upareni, kukaa siku chache. Ndivyo alivyosema mwenyewe, amesimama mlangoni kwangu na begi la mgongoni kama la mtoto wa shule, na kichwani mvi zimeshaingia. Siku chache hizo zikawa mwaka, mwaka ukazaa mwingine, mpaka mbuzi wangu wakamzoea, na watoto wa jirani wakawa wanamwamkia, "Shikamoo mwanafunzi!" Naye anaitikia "Marahaba" bila kuona aibu hata kidogo.

Jina analo, na kwao kupo. Sitavitaja. Niseme tu kwamba alioa Maore, kule tambarare chini ya Gonja, na mkewe alibaki huko analima mpunga na kumngoja amalize masomo. Sisi tulimwita Mzamivu, na jina hilo lina kisa chake.

Siku alipofika, Mwenyekiti wa kijiji alituita mkutanoni amtambulishe. Akavaa miwani, akasoma barua ya chuo kwa sauti ya kanisani: huyu ni mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, apewe ushirikiano. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, na wengi waliokuwa pale hawakunizidi sana. Ukituambia uzamivu, sisi tunajua ni kuzama majini. Na siku zile ndiva yetu, yaani lile bwawa la mawe na udongo walilochimba babu zetu ili maji yajae usiku na asubuhi tumwagilie kwa zamu, ilikuwa imeziba tundu la kutolea maji. Tukatazamana, tukafurahi. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Safari hii serikali imetukumbuka."

Kesho yake baragumu la msaragambo likalia, ile kazi ya wote ambayo haibaki mtu nyumbani. Mzamivu akaja na kofia na kalamu. Akapewa kamba.

"Kamba ya nini, wazee?"

"Ya kukuvutia juu," Mwenyekiti akamjibu.

Mtu mwingine angegoma. Yeye akavua viatu. Na huku anavua anauliza: kamba hii mmeitoa wapi, nani aliamua iwe kamba na si mti mrefu, zamani mlikuwa mnatumia nini? Akazama. Maji yakamfika kifuani, tope likamfika mahali ambapo sitapataja. Aliibuka na jiwe, na kandambili ya mguu mmoja, na mfuniko wa sufuria yangu ambao kwa muda mrefu nilikuwa nimeshamhukumu jirani yangu kwamba kauiba. Maji yakatoka kwa kishindo, wanawake wakapiga vigelegele.

Ukweli ulikuja kujulikana baadaye sana. Siku moja nikamwuliza, wewe baba, mbona ulikubali kuingia mle ndani?

"Mama, nilidhani ndiyo desturi yenu ya kumpokea mgeni."

Na hakuishia kudhani. Alikuwa ameshaandika kurasa na kurasa juu ya desturi hiyo, kapeleka chuoni, na profesa wake kaisifu sana. Ikabidi azifute. Alizifuta huku uso umemshuka kama mtu anayechinja kuku aliyemlea tangu kifaranga.

Sasa alikuwa anasomea nini? Hilo nililiuliza mara nyingi kuliko nilivyouliza habari za mbinguni. Aliniambia ni sera ya sayansi na teknolojia. Nikamwambia aseme Kiswahili. Akafikiri, akasema: "Mama, mashine inapoletwa mahali, kuna mtu mahali fulani aliamua iletwe. Mimi nataka kujua nani, na aliamuaje." Nikamwambia hayo yangemtosha mtu mchana mmoja. Akacheka. Kicheko cha mtu anayejua kinachomngoja.

Mashine yenyewe ilikuwa pale pale kwenye ndiva. Kabla yeye hajaja walikuja watu wa mradi na lango la chuma, lina kisanduku na kioo cha kuvuta umeme wa jua, likawa la kufunguliwa kwa ujumbe wa simu. Walisema mtu hatahitaji tena kuamka kwenda kutoa kizibo. Atabonyeza simu akiwa kitandani. Lakini kwetu mtandao hauji kitandani. Uko kileleni, kwenye jiwe moja kubwa, na ndiva iko bondeni. Kwa hiyo mwenye zamu ya maji akawa anapanda mlima kutuma ujumbe, kisha anashuka mbio kuangalia kama lango limetii. Likiwa halijatii, anapanda tena. Vijana walipata misuli mizuri mwaka ule. Halafu radi ikapiga kisanduku, tukarudia kizibo chetu, na kuku wa jirani akaona kile kisanduku kinafaa kutagia.

Mzamivu alilipenda lango lile kuliko mtu anavyopenda gari lake. Alikuwa anakwenda kulitazama kila asubuhi. Kuku akitoka ndani anapiga kelele, yeye anasema, "Hiyo ni data." Hilo lilikuwa neno lake. Mwenyekiti akisinzia kikaoni, hiyo ni data. Wanawake wawili wakigombania zamu mpaka khanga zikachanika, data. Siku nilipoteleza kwenye tope nikakaa kitako mbele yake, alifungua mdomo, nikamwambia, "Ukisema neno hilo, unahama leo." Akaufunga, akanipa mkono.

Neno lake la pili lilikuwa "turudi nyuma kidogo." Hukuweza kumweleza jambo likafika mwisho. Unamwambia chumvi imekwisha, nenda dukani. "Turudi nyuma kidogo, mama. Ya mwisho ilinunuliwa na nani?" Makande yangu yalipoa mezani wakati yeye anatafuta nani wa kwanza Upareni alichanganya mahindi na maharage. Nilimwambia alikuwa mtu mwenye njaa. Akaliandika.

Watu wakamcheka, lakini walimpenda, maana alikuwa anasikiliza. Hapa mlimani watu wanaokuja na karatasi ni wengi, na wote wanakuuliza huku wanatazama saa. Yeye hakuwa na haraka hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyokuwa shida yake yote.

Kwa sababu chuo kina mwisho. Muda aliopewa ulikuwa umeshapita, wakamwongezea, ukapita, wakamwongezea tena, na safari hii wakamwambia ni mara ya mwisho: asipopeleka kazi yake ikiwa imekamilika, jina linafutwa, na miaka yote ile inakuwa si kitu. Na mkewe alikuwa ameshasema lake. Nililisikia kwa masikio yangu, maana mwanamke yule ana sauti inayotoka kwenye simu kule kileleni ikafika shambani kwangu: "Chuo kikikufuta, baba nanii, usirudi hapa kunieleza sababu. Zile sababu zako nimezichoka. Binti yako ameanza chuo juzi na ameshavaa joho, wewe bado unauliza maswali!"

Hilo la binti lilikuwa kweli. Akakaa kibarazani siku nzima akibandua maganda ya mahindi na kuyarudishia.

Profesa wake naye alikuwa kisa kingine. Ili ampate kwenye simu ilibidi Mzamivu apande kwenye lile jiwe la kileleni, na sisi tuliokuwa mashambani tulimwona amesimama juu kama bendera, mkono mmoja nyuma, anainama: "Ndiyo, Profesa. Nimeelewa, Profesa. Nitarekebisha, Profesa." Nilidhani ni mzee mwenye ndevu hadi tumboni. Kumbe profesa huyo alikuwa kijana ambaye Mzamivu mwenyewe alimfundisha fizikia sekondari!

"Na hukasiriki?" nikamwuliza.

"Alikuwa mwanafunzi mzuri, mama. Kazi yangu anaisahihisha kwa wino mwekundu kama nilivyokuwa namsahihishia yake. Sasa namlaumu kwa lipi?"

Nilimheshimu siku hiyo. Sikumwambia.

Msidhani nasimulia habari za malaika. Mtu huyu alikuwa anasomea mashine lakini redio yangu ilipokufa aliifungua, ikabaki na skrubu za ziada na haikusema tena. Mwavuli alikuwa anaufungua ndani ya nyumba na kuufunga akitoka nje. Na alikuwa anapenda kuhubiri. Kila jioni alitueleza dhambi ya serikali na miradi: wanawaletea watu vitu bila kuwauliza. Bila kuwauliza! Anapiga meza. Halafu siku moja akarudi kutoka Same mjini na bodaboda imebeba jiko la gesi, jekundu, jipya. Analiteremsha jikoni kwangu, uso unang'aa.

"La nani hili?"

"Lako, mama. Moshi unakuharibia macho."

"Uliniuliza?"

Alisimama pale na ule mtungi mikononi kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa watu. Akaanza kusema, akaacha. Bodaboda akacheka mpaka akashika usukani. Jiko bado ninalo. Linachemsha chai upesi sana. Hilo huwa silisemi.

Na tulikuwa na uhuni wetu, tusijifanye watakatifu. Tulizoea kumsema kwa Kipare akiwa amekaa katikati yetu, kwa kuwa yeye na sisi tulizungumza Kiswahili tu. Tuliisema suruali yake, mwendo wake, tulisema mkewe ana subira ya punda. Ikaendelea hivyo, mpaka msiba mmoja tulipokuwa tunabishana kwa Kipare kuhusu nani atapika, yeye akajibu kwa Kipare kizuri cha Maore kwamba mpishi wa mara ya mwisho alizidisha chumvi. Jirani yangu akashika mdomo. Alikuwa akisikia kila neno tangu siku ya kwanza, na hakuwahi kukasirika. Alisema kama angetuambia, tungeacha kuongea, naye angekosa data.

Lakini hakumaliza. Tatizo, alinieleza, ni kwamba hampati mtu aliyeamua lango liletwe. Alituuliza sisi kijijini, tukasema tuliletewa kutoka kata. Akashuka kata, wakasema ni wilaya. Akaenda Same, akakaa kwenye mabenchi ya ofisi mpaka walinzi wakawa wanamtunzia nafasi. Wakasema ni mkoa. Mkoa wakasema ni wataalamu. Akawatafuta wataalamu, nao wakamwonyesha maandishi yao: wananchi wa Mhezi waliulizwa, wananchi waliridhia. Akarudi kwangu amechoka. "Mama, mnasema hamkulitaka. Wao wanasema mliridhia. Mmoja anadanganya, na nisipojua nani, siwezi kuandika sura ya mwisho."

"Sisi hatudanganyi."

"Ndivyo na wao wanavyosema, neno kwa neno."

Muda ukabaki kidogo sana. Mvua za masika zikaanza, na chumba cha nyuma nilichompa kikaanza kuvuja juu ya kitanda. Alhamisi moja akanifuata nikichambua maharage.

"Mama, nafikiria kitanda nikihamishie ghalani, kule pakavu. Mahindi tutayasogeza kidogo."

"Nimesikia," nikasema, nikaendelea na maharage yangu.

Jumamosi nimerudi kanisani, nakuta kitanda chake kimesimama katikati ya mahindi yangu, kimetandikwa vizuri, na magunia yamesukumwa ukutani. Ilikuwa Sabato, sifanyi kazi Sabato. Nikakaa kwenye kigoda nikalingoja jua lizame. Lilipozama nikainuka, nikakibeba kitanda kipande kwa kipande, nikakitoa nje.

Akaja amekumbatia mto, manyunyu yanampiga. "Mama! Si ulikubali?"

"Nilikubali lini?"

"Alhamisi. Nilikueleza, ukaniambia umesikia."

"Ndiyo. Nilisikia. Mimi si kiziwi."

"Sasa kama hutaki, kwa nini hukusema hutaki?"

"Wewe ni mgeni wangu. Mgeni haambiwi usoni sitaki. Anaambiwa nimesikia, na akiwa na akili analala pale pale alipokuwa analala."

Akasimama. Maji yanamtiririka kwenye miwani, wala hafuti. Kisha kwa sauti ndogo: "Turudi nyuma kidogo, mama. Wale watu wa lango walipokuja mkutanoni, waliwauliza kama mnalitaka?"

"Walituuliza."

"Mkajibu nini?"

"Tulijibu tumesikia. Tukawapigia makofi, maana walikuwa wametoka mbali, na mmoja alikuwa na homa."

Mto ukamwanguka kwenye tope. Alicheka, jamani, alicheka mpaka mbuzi wakaamka. Alikuwa anazunguka kitanda kile kwenye mvua, anajisemea: kata walisema "tumepokea." Wilaya walisema "tumepokea." Mkoa walisema "tutalifanyia kazi." Kila mmoja alimstahi aliyekuja, akangoja anayefuata ndiye akatae. "Hakuna aliyedanganya, mama! Hakuna aliyesema ndiyo na hakuna aliyesema hapana, na lango likaja!"

"Ingiza kitanda jikoni, utaugua," nikamwambia. "Na mto huo utaufua mwenyewe."

Kesho yake aliziba paa la chumba chake, akarudisha kitanda, akafunga mlango. Hakuuliza tena kitu cha chumvi wala cha makande. Nilikuwa napeleka sahani dirishani, napokea sahani. Mwisho wa mwezi alitoka amekonda, akafunga begi lake, akaniaga kwa heshima zote, na kazi yake ameiweka kifuani ndani ya koti kama mtu anayeficha kifaranga. Tulimsindikiza hadi barabarani. Hakuna aliyejua kama angewahi, na kama angewahi, kama wale wakubwa wangemkubalia mtu anayewaambia kwamba hakuna aliyeamua.

Kisha kimya. Mlimani kwetu mtu akiondoka ameondoka. Chumba cha nyuma nikatia mbuzi.

Juzi hapa niliteremka Same kupimwa macho. Nilipomaliza nikaingia kwenye mgahawa mmoja jirani na stendi kungojea gari la kupanda, na nani amekaa pale pembeni, amevaa shati lililopigwa pasi, mbele yake kikombe cha chai? Kando yake mwanamke mwenye mabega ya mkulima. Sikuhitaji kutambulishwa, alipofungua mdomo nilimtambua kwa sauti.

"Shikamoo mama! Ndiye wewe mama wa Mhezi? Kaa, kaa hapa. Mhudumu! Chai na maandazi kwa mama yangu."

Sikuzunguka. "Amemaliza?" nikamwuliza yeye, si mumewe.

"Amemaliza," akasema, na neno lile alilitamka kama anavyolitamka mtu aliyejifungua salama. Aliniambia kazi ilifika chuoni dakika za mwisho mwisho, mlinzi karibu afunge geti. Halafu akaitwa kuitetea. Mke akaenda, akakaa nyuma kabisa. Wakubwa wakapanga foleni ya maswali, naye anajibu, mpaka mmoja akauliza kwa ukali: sasa baada ya miaka yote hii, mwambie kila mtu hapa, nani aliamua?

"Akasema, 'Hakuna.' Basi, mama. Neno moja. Nikajua tumekwisha, nikashika mkoba wangu tuondoke. Kumbe yule profesa wake ameanza kucheka, na wengine wakafuata. Wakampa!"

"Hongera, baba," nikamwambia Mzamivu.

"Ahsante, mama," akasema. Akanywa chai.

Nikangoja. Hakuongeza. Nilimtazama akinywa ile chai ikiwa moto, taratibu, mpaka nusu ya kikombe, bila kumwuliza mhudumu majani yanatoka wapi. Mkewe akanisogelea sikioni.

"Yuko hivyo tangu siku ile. Anapalilia mpunga, anakula, analala. Jioni tunakaa barazani tunazungumza habari za kawaida kama watu wengine. Nimepata mume, mama, uzeeni huu."

Sasa mimi ni mtu wa kusema. Kila anayenijua anajua hivyo. Kinachofika kifuani kwangu hutoka kilivyo. Na wiki ile ile, kabla sijateremka, walikuwa wamefika Mhezi vijana wanne na kidude kinachoruka kama nyigu, wamekirusha juu ya mashamba yetu yote, kimepiga picha, wamekifunga kwenye sanduku na kuondoka. Mwenyekiti hajui ni wa nani. Kata hawajui. Watoto wanasema kitarudi na wenzake. Habari hiyo ilikuwa ulimini kwangu, nimeibeba kutoka mlimani kote nikitafuta mtu wa kumpa.

Mzamivu akaweka kikombe chini. "Mhezi kunasemaje, mama?" akauliza, kwa upole tu, kama mtu anavyouliza. "Kuna jipya?"

Nikamtazama. Nikamtazama mkewe, ambaye alikuwa anamwondolea punje ya sukari kwenye kola ya shati.

"Mvua imenyesha vizuri," nikasema, na kabla kingine hakijatoka nikachukua andazi zima nikalijaza mdomoni.